Maji ya daku hayakai mpaka magharibi

Kila Ramadhani ujumbe ni ule ule kwenye WhatsApp: kunywa lita mbili saa kumi alfajiri, hutaona kiu mchana kutwa. Mwaka huu nimetumiwa na daktari mwenzangu. Basi, acha niandike.

Mwili si tangi la juu ya paa. Damu ikizimuliwa hata kwa asilimia moja au mbili tu, ubongo unahisi, na tezi ya pituitari inapunguza ADH, homoni inayoziamuru figo zirudishe maji. ADH iliyokuwa tayari damuni nayo haikawii kwisha. Milango ya maji kwenye mirija ya figo inafungwa, nawe unaanza safari za chooni. Ukiwa umekaukiwa kweli, mwili utayashika maji hayo. Lakini wewe uliyekunywa vizuri tangu futari huna pengo la kujaza, kwa hiyo saa mbili tatu baadaye mengi yameshatoka, mkojo mweupe pe. Hapo mtu anajisifu kwamba kasafisha figo! Kasafisha nini? Figo huchuja kama lita 180 kwa siku na kurudisha zaidi ya asilimia 99, ujumbe wa WhatsApp uje usije.

Kinachokuvusha mchana ni ADH ikipanda tena. Mkojo unakuwa kidogo, wa njano iliyokolea, na watu wanakuja kliniki na hofu zao. Jamani, hiyo ndiyo figo inayofanya kazi. Ila ina kikomo: taka za siku nzima huhitaji karibu nusu lita ya mkojo ili zitoke, na ngozi na pumzi havingoji ruhusa ya figo, hasa kwenye joto la kaskazi.

Kwa hiyo gawanya maji kuanzia futari. Uji, supu na matunda vina maji yanayoingia taratibu. Anayekula ng'onda daku kwa kuwa "chumvi hushika maji" hajakosea, ila saa nne asubuhi atatafutana na kiu.

Kuhusu kuumwa kichwa alasiri siku za mwanzo, wengi hukimbilia kulaumu upungufu wa maji. Mimi nina shaka. Kwa wanywaji wa kahawa, naishuku zaidi kafeini waliyoikosa tangu asubuhi.

Wenye ugonjwa wa figo na wanaomeza dawa za kukojoza, haya si yenu. Hesabu yenu ipigwe na daktari wenu kabla mwezi haujaandama.