Lava ya Goma kwa mikroskopu: vile banasema na vile iko kweli

Banasema eti jiwe yetu nyeusi, hii tunajengea ukuta ya parsele, haina kitu ndani, ni moto iliganda tu. Kata kipande, sugua mpaka unene ubakie milimita 0.03, mwanga utapita na utaona madini imejaa. Hata gotzeniti na kombeiti zilitambuliwa mara ya kwanza hapa tu Shaheru, ubavuni mwa volkano Nyiragongo. Ukikiacha kinene rangi zitakudanganya, kwa hiyo usimdharau fundi wa kusugua.

Ingine, na hii njo inanichosha: mtu anaingiza filtri ya juu (ya pili ya kuchuja mwanga, ya kwanza iko chini ya jiwe), anaona bluu na pinki, anaandika "madini ya bluu". Hapana ndugu! Mwanga ukiingia kwenye kristali unagawanyika miale miwili, mmoja unakimbia kuliko mwenzake, ikikutana kwenye filtri ya juu rangi zingine zinazimika zingine zinabaki, ni hizo unaona. Kristali mbili za madini ya olivini kwa jiwe moja, hii kijivu, jirani yake pinki, sababu zilikatwa upande tofauti. Toa filtri kwanza, angalia rangi yenyewe, umbo, nyufa, njo uirudishe. Olivini inapasuka ovyo, lakini madini ingine, pirokseni, iliyokatwa vizuri inaonyesha mistari inakatana karibu digrii 90.

"Kile cheupe ni kwatzi." Kwa lava ya Nyiragongo? Sahau. Silika yake, ile inajenga kwatzi, ni kidogo, na penye madini ya nefelini kwatzi haikai. Tafuta nefelini, leusiti ao meliliti, na meliliti, filtri ya juu ikiwa ndani, mara nyingi inajitaja yenyewe kwa bluu fulani nzito kama wino, hata kama si rangi yake yenyewe.

Halafu eti kila chenye giza ni kioo cha lava, ile iliganda haraka bila kufanya kristali. Zungusha meza ya mikroskopu basi, filtri ya juu ikiwa ndani! Kristali nyingi zinazima, ni kusema zinakuwa giza, mara nne kwa mzunguko mmoja. Kioo kinabaki giza muda wote, ila ukitoa filtri mwanga unapita, lakini manyetiti, madini ya chuma, iko nyeusi pote pote, na filtri ao bila filtri. Leusiti njo mjanja: ile ndogo inakaa giza karibu kabisa unaiita kioo, kumbe iko duara duara, na kubwa yake ina mistari mistari ya kijivu.

Na wenye kuuliza kama tutaona dhahabu humo: kwa mwanga wa kutoka chini hata dhahabu inaonekana nyeusi tu, ile inataka mikroskopu ya kumulika kutoka juu.