Kabla ya kunyonya makohozi, angalia unyevu

Wanaoanza kazi ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, wengi hudhani kutunza mrija wa hewa ni kunyonya makohozi tu: saa mbili zikipita, katheta, ule mpira mwembamba wa kunyonyea, ndani. Mimi huanzia kwenye unyevu.

Kwa kawaida pua na koo huipasha hewa moto na kuilowesha. Ikifika ndani ya mapafu iko nyuzi 37 hivi, na kila lita imebeba takriban miligramu 44 za maji. Mrija uliopitishwa mdomoni, au ule wa trakeostomi, tundu lililotobolewa shingoni, unairuka kazi hiyo yote, na oksijeni ya mtungi au ya ukutani ni kavu kabisa. Mwache mgonjwa aivute hivyohivyo, ute utakuwa mzito kama gundi, vile vinyweleo vinavyosukuma makohozi juu vitalegea, na mrija utaota magamba kwa ndani hadi katheta ikwame.

Kwenye ventileta, mashine ya kupumulia, tuna njia mbili za kulowesha hewa. Kuna mashine ya maji ya moto, na kuna kile kichujio kidogo tunachokiita pua bandia, kinachonasa unyevu wa pumzi inayotoka na kuurudisha kwa inayoingia. Usiviweke pamoja: kichujio kitajaa maji na mgonjwa atapumua kwa shida. Kikichafuka kwa makohozi kibadilishe hapohapo, usimwachie wa zamu ya usiku. Makohozi yakiwa mazito au yana damu, pua bandia siiamini, natafuta maji ya moto. Na ile chupa ya mapovu kwenye oksijeni isikudanganye. Maji yake ni baridi, unyevu wake haumtoshi mtu wa trakeostomi.

Kunyonya kwenyewe sifuati saa ya ukutani. Nasikiliza kifua, natazama skrini: mstari wa mtiririko wa hewa ukianza kuchongoka meno ya msumeno, kuna kitu kwenye mrija. Hapo natoa oksijeni asilimia 100 kwa sekunde 30 hadi 60, kisha naingia na kutoka ndani ya sekunde 15. Kwa mtu mzima mvuto wa 80 hadi 120 mmHg kwa kawaida unatosha, na unene wa katheta usizidi nusu ya upana wa ndani wa mrija, la sivyo unanyonya na hewa ya mapafu. Yale mazoea ya kumimina maji ya chumvi kila mara eti yalainishe, bora tuyaache. Makohozi hayalainiki kwa namna hiyo. Mgonjwa anakohoa, oksijeni inashuka, na uchafu wa mrijani unateremka chini zaidi.

Kafu, kile kipira kinachovimba kuuzunguka mrija, presha yake ikae kati ya sentimita 20 na 30 za maji. Ikizidi, damu haipiti kwenye ukuta wa bomba la hewa, panatoka kidonda, na kovu lake baadaye linabana njia. Ikipungua, mate yaliyotuama juu yake yanavujia mapafuni. Kubonyeza kwa vidole kile kiputo cha nje kilichounganishwa na kafu na kusema "iko sawa" si kipimo. Kipimo chake kipo, kitumike kila zamu.

Ndugu wa mwenye trakeostomi huniuliza sana, "Sista, mbona hasemi?" Huwa nawaambia sauti haijapotea, hewa inaingia na kutoka chini ya nyuzi za sauti. Baadaye tunaweza kumwekea vali ya kuongelea, lakini kafu lazima itolewe upepo kwanza. Vali hiyo inaruhusu hewa kuingia tu, na kafu ikiwa imejaa, pumzi haina pa kutokea.

Kitandani pasikosekane ambu (mfuko wa kumpumulisha mgonjwa kwa mkono), sakisheni (mashine ya kunyonyea) inayofanya kazi, mrija wa akiba wa saizi ileile na mwingine mdogo kwa saizi moja. Trakeostomi ikiziba, chomoa kwanza mrija wake wa ndani. Mara nyingi gamba lote linatoka nao. Ukichomoka mrija mzima na kidonda hakijafikisha wiki, usiurudishe kwa kubahatisha, utauingiza kwenye nyama ya shingo. Ziba tundu, mpumulishe kwa barakoa ya usoni, huku mwenzako anamwita mtaalamu wa usingizi. Aliyeondolewa zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, hahusiki na hili: mdomo wake hauna tena njia ya kwenda mapafuni, kwa hiyo oksijeni yake ni ya shingoni tu.