Makosa Sifuri ya Kompaila Hayasemi Lolote Kuhusu Kuendesha

Wiki hii tena, hapa Kisumu ninakofundisha lugha ya programu ya C, nimegeuziwa skrini: "Mwalimu, programu iko sawa. Si unaona, makosa sifuri?" Nimechoka kulisikia. Sifuri hiyo ni kauli ya kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa faili ya kuendeshwa: msimbo umekubalika na faili ya kuendeshwa imeandikwa. Programu yenyewe bado haijaanza. Gari kuwaka si kufika Busia.

Programu hiyo ilitafuta wastani wa kilo za samaki aina ya ngege kwa kila mashua iliyorudi ufuo wa Dunga. Ingiza mashua 3, jibu linakuja. Ingiza 0, inakufa papo hapo. Kwenye Linux na prosesa ya Intel, andika `echo $?`, amri inayoonyesha namba programu iliyotoka nayo, utaona 136, yaani 128 jumlisha 8, namba ya SIGFPE, ishara ya kosa la hesabu: prosesa imekataa kugawanya namba nzima kwa sifuri. Ukiona 139, umegusa kumbukumbu isiyo yako. Kompaila ingejuaje, na idadi ya mashua imeingizwa baada ya kompaila kumaliza kazi?

Kinachonikera hasa ni kuficha hatua hizi mbili nyuma ya kitufe kimoja cha kihariri, programu ya kuandikia msimbo. Kukompaili kukifeli, faili ya zamani hubaki kwenye folda. Haribu mstari mmoja makusudi, kisha andika `gcc wastani.c -o wastani; ./wastani` (gcc ndiyo kompaila, `./wastani` ni kuendesha). Kompaila italalamika, halafu programu ya jana itakimbia na kukupa jibu la jana. Watu hushinda wakirekebisha mstari ambao haujawahi kuendeshwa hata mara moja! Weka `&&` mahali pa `;` na amri ya pili haitaanza mpaka ya kwanza ifaulu.

Nyinyi mnaotengeneza vihariri, tuwekeeni mistari miwili: mmoja wa kukompaili, na saa yake; mwingine wa kuendesha, na namba programu iliyotoka nayo. Wa kwanza ukifeli, wa pili useme "haijaendeshwa", usibaki na matokeo ya zamani.

Lugha ya Python inanitatiza. Mabano yasiyofungwa husimamisha faili nzima kabla ya mstari wa kwanza kukimbia, lakini jina la kigeu lililokosewa halijitokezi mpaka mstari wake ufikiwe. Je, mistari miwili ingemsaidia anayeanza na Python, au ingemchanganya? Bado sijaamua. Na hata programu ikitoka na 0, yaani bila hitilafu, ukiwa umejumlisha idadi ya samaki badala ya kilo, wastani wako bado ni mbovu.