Gari linatetemeka likisimama gia ikiwa D? Usikimbilie plagi

"Fundi, gari yangu ina homa." Hata shikamoo yangu hakuipokea vizuri. Ni mwalimu mstaafu anayekaa Bugarika, hapa Mwanza, Toyota Carina Ti yake ameitunza miaka mingi, na asubuhi hiyo alikuja gereji kwangu amenuna. Akisimama kwenye foleni, gia ikiwa D, ya kwenda mbele, na mguu kwenye breki, usukani unamtetemeka mikononi na kioo cha ndani kinacheza mpaka daladala ya nyuma anaiona mbili. Akikanyaga mafuta, homa inapoa. Akiingiza rivasi, anasikia "ndu!" chini ya miguu. Kabla ya kufika kwangu alikuwa ameshabadilishiwa plagi mara mbili, na mara ya pili akauziwa na nyaya zake.

Maelezo yale yalishaniambia nusu ya ugonjwa, lakini fundi anayetaja ugonjwa kabla ya kufungua boneti ni mpiga ramli. Nikamwambia, "Mwalimu, kaa kwanza kivulini, tuiangalie."

Injini haifungwi kwenye bodi chuma kwa chuma. Katikati kuna mpira, ule ambao gereji tunauita mauntini. Injini ya silinda nne hulipua mara mbili katika kila mzunguko. Ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, kwenye mizunguko 750 kwa dakika, hiyo ni milipuko 1,500, yaani 25 kila sekunde, na kila mlipuko ni teke. Mpira mzima unayameza mateke hayo. Ukichanika, chuma kinagonga chuma na teke linakufikia kwenye kiti. Ukiongeza mafuta mateke yanakuja haraka mno, bodi haiwezi kuyafuata, mtetemo unapungua, na mwenye gari anadhani limepona.

Kwenye Carina injini imekaa kwa upana na inashikwa na mauntini nne. Ya kulia, upande wa mkanda wa taimingi, na ya kushoto, upande wa giaboksi, ndizo zinazobeba uzito mkubwa. Ya mbele na ya nyuma zimekaa juu ya boriti ya chuma inayopita chini ya injini. Hizo kazi yake ni kuizuia injini isipige mwereka. Ukiweka D na kuondoka, injini inanyanyuka upande wa mbele. Ukiweka rivasi, inalalia mbele. Ule mlio wa "ndu" ni injini kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila mpira wa kuipokea.

Sasa wanaoijua Bugarika wataelewa. Nyumba zimepandana juu ya miamba, njia ni za mawe, na kwa mwalimu hakuna pa kugeuzia. Kila asubuhi anatoka kwa rivasi akipanda mlima. Mauntini za mbele na nyuma za gari lile zilikuwa zikipigwa mweleka kabla hata mwenyewe hajanywa chai.

Kupima hakuhitaji kompyuta. Mtu mmoja akae ndani, avute hendibreki, akanyage breki hadi mwisho, aweke D, kisha aguse mafuta kidogo tu. Mwingine aangalie injini akiwa amesimama ubavuni. Mbele ya gari asisimame mtu, hata kama breki ni mpya. Kisha rivasi, vivyo hivyo. Sekunde chache zinatosha, ukikaza muda mrefu mafuta ya giaboksi ya otomatiki yanachemka. Injini yenye mauntini zisizochanika inasogea kidogo na kutulia. Hii ya mwalimu ilinyanyuka kama mtu aliyeitwa jina lake. Halafu tukaweka N, gia huru: mtetemo ukapungua sana. Kama ingekuwa silinda moja haichomi, ingeendelea kukohoa hata kwenye N. Plagi zake zilikuwa safi kabisa, na mpya tena, maskini.

Nikaingia chini na tochi. Bushi ya mauntini ya mbele, yaani ule mviringo wa mpira wenye bomba la chuma katikati, ilikuwa imechanika, na bomba limeshuka linagusa ukingo. Mpira wenyewe ulikuwa umevimba, laini, ukiubonyeza kwa kidole unaacha weusi. Hapo ndipo nilipomwita mwalimu aje aone. Mpira uliozeeka kwa umri na joto unakauka na kupasuka nyufa kama tope la kiangazi. Ukiwa laini na umevimba, umekunywa oili. Nikafuata njia ya oili kwenda juu: inatoka kwenye gasketi ya kava ya valvu, ule mfuniko wa juu ya injini, inateremka ubavuni mwa injini, inadondokea bushi.

"Huwa unasikia harufu ya kitu kinaungua ukisimama?"

"Nasikia. Nilidhani ni matakataka ya mtaani."

Ilikuwa oili yake, ikidondokea ekzosi, bomba la moshi. Ningemfungia bushi mpya peke yake, ingekunywa oili ileile na angerudi kunilaumu, na angekuwa na haki. Gasketi ya kava ni kazi ndogo, nafuu kuliko bushi yenyewe. Tukaanza na hiyo, tukaosha injini, ndipo tukageukia mauntini.

Unaweza kununua mauntini nzima, au bushi peke yake ukaipachika kwenye chuma cha zamani. Ya mtumba kutoka Japani inafaa kama mpira ni mzima, ila ibonyeze, ipinde, iangalie mahali mpira unapogandana na chuma, maana inaanza kuachia hapo. Mauntini ya kulia katika magari mengi ina maji maalumu ndani yake. Ukiikuta ina alama ya kuvuja, iache dukani. Kuhusu bushi za kukata kwenye tairi la lori: nimewahi kuzifunga nikiwa kijana, sikatai. Zinashika. Lakini mpira wa tairi una nyuzi na waya, ni mgumu, na mtetemo wote unapita. Umezuia mlio tu, homa imebaki palepale.

Kazi yenyewe. Toa nyaya za betri. Weka gari juu ya stendi, usiamini jeki peke yake. Jeki ya pili ibebe injini, na kati yake na sampo, bakuli la oili chini ya injini, weka ubao mpana. Sampo ni bati. Ukilibonyeza ndani unaweza kuziba mahali injini inapofyonzea oili, na hapo umegeuza kazi ya asubuhi moja kuwa msiba. Nyanyua kidogo tu, mpaka boliti iache kubeba mzigo. Ukiiona injini inapanda, angalia mipira ya rejeta na bomba la ekzosi visije vikavutika. Boliti za huku zinakula kutu kwa matope ya masika, kwa hiyo zipulizie dawa ya kutu usiku uliotangulia. Tulisahau, tukapoteza saa nzima kwenye boliti moja.

Bushi ya zamani hutoka kwa mashine ya presi. Kama huna, pitisha msumeno wa chuma ndani, ukate gamba lake la nje taratibu bila kugusa ukuta wa mauntini, kisha uligonge. Kuingiza mpya ni lazima presi, au boliti ndefu yenye washa nene, ukisukuma gamba la nje. Ukisukuma bomba la katikati umeuchana mpira kabla haujafanya kazi hata siku moja.

Na kabla ya kutoa ya zamani, piga alama ya chaki kuonyesha ilivyokaa. Bushi nyingi za mbele zina matundu ndani ya mpira, na matundu hayo yana upande wake. Upande wenye tundu ni laini, upande uliojaa ni mgumu. Ukiizungusha robo, injini inakutana na ugumu pale palipotakiwa ulaini, na gari litatetemeka kuliko lilivyokuja. Nimeletewa gari la namna hiyo kutoka Sengerema, bushi mpya kabisa, mwenyewe analalamika fundi aliyemfungia amemuuzia feki. Niliizungusha tu.

La mwisho ndilo vijana wangu wanalisahau kila siku. Boliti ya katikati usiikaze injini ikiwa bado juu ya jeki. Ingiza, funga kwa mkono, shusha injini ikae kwa uzito wake, washa, peleka gia D na R mara chache itafute makao yake, zima, ndipo ukaze. Ukikaza ikiwa imening'inia, mpira unafungwa ukiwa umepindwa, na utakaa umepindwa hivyo mchana na usiku mpaka uchanike.

Mwalimu alirudi baada ya wiki, kama nilivyomwomba. Mara hii salamu aliipokea. Nikakagua boliti, hazikuwa zimelegea. Kisha nikapitisha kidole chini ya kava ya valvu mpaka juu ya bushi, nikamwonyesha: kikavu.