Klasi Ikiahidi Isichoweza: Somo la Duka la Vipuri

Vijana wanaonijia Jumamosi kujifunza programu, wengi wao wameshamaliza kozi ya Java au C#, lugha za kuandikia programu. Klasi (ramani za kutengenezea vitu vya programu) wanazijua, objekti (vitu vyenyewe) wanazijua, na ukiwauliza urithi ni nini watakujibu bila kusita: Mbwa anarithi Mnyama. Halafu wanauliza, "Mwalimu, sasa tunaelekea wapi?" Hapo huwafungulia programu ya duka moja la vipuri vya magari katika Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Niliiandika kwanza kwa ajili ya kompyuta moja ya kaunta, kisha ikanibidi niihamishie kwenye wavuti. Mengi ninayoyajua kuhusu OOP (uandishi wa programu kwa klasi na objekti) ya ngazi ya juu niliyapata katika uhamisho huo.

Mwanzoni ilikuwa Java na Swing, zana ya Java ya kuchora madirisha. Karani mmoja, skrini moja, printa moja. Mwenye duka alipofungua tawi Industrial Area akaniambia, "Kijana wangu, nataka nikiwa huku nione mali iliyo kule." Nikaiona kazi nyepesi. Klasi ya Mauzo ipo, ya Bidhaa ipo, ya Ankara ipo. Nitazichukua zilivyo, nizipandishe kwenye seva, kisha nitengeneze kurasa.

Hazikukubali kuhama. Ndani ya Mauzo, katikati ya hesabu ya VAT ya asilimia 16, nilikuwa nimeweka mstari unaofungua kidirisha cha kumuuliza karani kama aendelee, maana bidhaa zimebaki mbili. Kwenye kompyuta yangu kidirisha kile kilijificha nyuma ya kivinjari, nikadhani ukurasa umekwama. Kwenye seva, isiyo na skrini, Java ilirusha HeadlessException, kosa la kukosa skrini, na mauzo yakakatika.

Dawa ilijulikana kabla hata wavuti haujakuwapo. Mwaka 1979 Trygve Reenskaug, Mnorwe aliyekuwa mgeni katika maabara ya Xerox PARC kule California, alieleza mpangilio tunaouita MVC (Model-View-Controller): mambo ya biashara yakae upande wake, maonyesho yakae upande wake, na pawe na sehemu ya kupokea amri za mtumiaji. Alikuwa akishughulikia lugha ya Smalltalk na skrini za mezani, lakini wazo lake ndilo lililonipeleka kwenye kivinjari. Nikaifanya Mauzo irudishe onyo badala ya kuuliza swali. Swing ikalionyesha onyo kwa kidirisha, ukurasa ukalionyesha kwa maandishi mekundu, na Mauzo haikujua lolote kati ya hayo. Siku hizi ninayo kanuni moja ngumu: klasi ya biashara ikitaja dirisha, kitufe au ukurasa popote, nairudisha kwa aliyeiandika.

Tatizo la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu lilikaa kimya. Nilikuwa nimemhifadhi mteja anayehudumiwa katika sehemu ya static, ionekane kote katika programu. Kaunta yenye karani mmoja haina shida na hilo. Kwenye seva, programu ni moja na makarani ni wawili, kila ombi likiendeshwa na thredi yake (mkondo wake wa kazi), na static ni ya wote. Karani wa Kirinyaga akamchagua mteja wake, karani wa tawini akamchagua wake sekunde hiyo hiyo, na kioo cha pembeni kilichonunuliwa na mmoja kikaandikwa kwenye ankara ya mwingine. Kwa hiyo kila objekti muulize umri wake. Kwenye mezani inaweza kuishi tangu duka lifunguliwe mpaka lifungwe. Kwenye wavuti mara nyingi huzaliwa ombi linapofika na kufa jibu linapotoka, na kinachotakiwa kudumu kinakwenda kwenye hifadhidata au kwenye kikao cha mtumiaji huyo peke yake.

Sasa malipo, mahali ninapokaa na wanafunzi muda mrefu kuliko pote.

Nilikuwa na klasi Malipo yenye kazi moja, lipa(), inayorudisha kweli au si kweli. Taslimu iliirithi vizuri: pesa imeingia mkononi au haikuingia. Nikaongeza MalipoMpesa, ikairithi pia, kompaila (kitafsiri kinachokagua msimbo) haikulalamika, nami nikaona nimefuata kitabu. Lakini M-Pesa haifanyi kazi hivyo. Unapotuma ombi kupitia Daraja, lango la Safaricom la kuunganisha programu na M-Pesa, jibu la kwanza lenye ResponseCode 0 maana yake ni kwamba ombi limepokelewa tu. Ndipo simu ya mteja inapomtaka aweke PIN. Akiweka, akikataa, au akiiacha simu mfukoni, matokeo yanakuja baadaye kwa njia nyingine, yakitumwa kwenye anwani ya seva yako: ResultCode 0 amelipa, 1032 amesitisha. Klasi yangu ilirudisha kweli kwenye lile jibu la kwanza. Risiti ikatoka, na pampu ya maji ya gari ikaondoka dukani kabla shilingi haijaingia.

Barbara Liskov, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, alilieleza jambo hili katika hotuba ya mwaka 1987: mtoto (klasi inayorithi) lazima aweze kukaa mahali pa mzazi (klasi inayorithiwa) bila anayemtumia kukuta jambo asilolitarajia. Wengi huikariri kanuni hiyo kama swali la mtihani. Mimi naisoma kama ahadi. Malipo iliahidi kwamba ikirudi, jambo limekwisha, na M-Pesa haiwezi kuitimiza ahadi hiyo. Urithi wangu ulikuwa sahihi kwa kompaila na uongo kwa mwenye duka.

Kosa lilikuwa kwa mzazi, na huko ndiko nilikolirekebisha. Niliiondoa klasi ya Malipo nikaweka interfesi (orodha ya kazi ambazo klasi huahidi kuzifanya), NjiaYaMalipo, ambayo kazi yake ya anza() hurudisha hali: imelipwa, imekataliwa, au inasubiri. Taslimu hurudisha imelipwa papo hapo. M-Pesa hurudisha inasubiri pamoja na namba ya ombi, na Ankara haitoi risiti mpaka hali ibadilike. Hundi, iliyokuwa imenisumbua siku nyingi kwa sababu benki huikubali baadaye, ikaingia humo humo bila nguvu.

Kaunta ya mezani ilibaki na ugumu wake. Kompyuta ya dukani imejificha nyuma ya ruta, haina anwani ambayo matokeo ya M-Pesa yanaweza kutumwa moja kwa moja. Kwa hiyo matokeo hufika kwenye seva yetu, na programu ya kaunta huiuliza seva kila baada ya sekunde chache. Kuuliza huko kufanyike ndani ya SwingWorker, zana ya Swing ya kufanyia kazi ndefu pembeni. Ukisubiri kwenye thredi inayochora madirisha, skrini nzima inaganda na karani anaanza kubofya hovyo. Matokeo yasipofika kabisa, na hutokea, seva yenyewe iulizie Daraja kwa ile namba ya ombi.

Kuhusu punguzo la bei nitasema kidogo tu: msitengeneze MtejaWaJumla, MtejaWaGereji na MtejaWaGerejiWaJumla. Mpe Mteja objekti ya punguzo mkononi, umbadilishie ukitaka.

Zoezi la Jumamosi ijayo ni hili. Andika klasi ya nne ya NjiaYaMalipo, MalipoBandia, isiyogusa mtandao: ombi la kwanza ilikubali baada ya dakika moja na nusu, la pili ilikatae, la tatu isilijibu milele, na la nne itume matokeo yale yale mara mbili. Iendeshe kwenye kaunta ya Swing na kwenye ukurasa wa wavuti, bila kubadilisha hata herufi moja ndani ya Ankara, kisha uje na risiti zilizochapishwa tuzihesabu.