Chipu ya dukani ndani ya ndege ya kivita

Nikisema hapa Entebbe kwamba ndege za kivita za leo zimejaa chipu za ukoo mmoja na zile za kompyuta ya mezani, watu hucheka. Wanadhani majeshi yana viwanda vyao. Mimi hutengeneza elektroniki za ndege ndogo za kiraia, lakini chipu haijui gwanda.

Mwaka 1994 waziri wa ulinzi wa Marekani, William Perry, aliagiza manunuzi yaache kung'ang'ania vipimo vya kijeshi pale bidhaa ya soko la kawaida inapofaa. Viwanda vya chipu vilikuwa vimeshapata wateja wakubwa kuliko jeshi.

Kwenye karatasi tofauti ni kubwa: chipu ya kawaida huhimili nyuzi joto 0 hadi 70, ya kijeshi -55 hadi 125. Wahandisi huimaliza kwa sanduku: chipu hufungiwa ndani, ikapozwa au kupashwa joto, na bodi nzima, yaani ubao unaobeba chipu, ikajaribiwa kabla ya kuruka.

Ninachokiogopa zaidi ni unyevu. Chipu za kijeshi za zamani zilizibwa ndani ya kauri. Ya dukani imevikwa plastiki, na plastiki hunywa maji hewani. Kando ya Ziwa Viktoria haihitaji kubembelezwa! Ukiipiga joto la kulehemu, maji yanageuka mvuke ghafla, plastiki inapasuka kama bisi. Niliwahi kuharibu bodi nzima kwa haraka zangu. Siku hizi pakiti iliyokaa wazi naioka kwanza, saa nyingi.

Halafu kuna umri. Ndege ya kivita hutumika miaka 30 na zaidi, chipu huondolewa sokoni baada ya michache tu. Hapo mnunuzi huangukia kwa madalali. Mwaka 2012 kamati ya Seneti ya Marekani ilitoa ripoti ya visa kama 1,800 vya vipuri vilivyoshukiwa kuwa bandia, jumla yake zaidi ya milioni moja. Vingi hutoka kwenye taka za kompyuta: chipu hung'olewa, husuguliwa, hupakwa rangi na kuandikwa namba mpya.

Ndiyo maana mezani kwangu pamba na asetoni hazikosekani. Nikisugua mgongo wa chipu na rangi ikatoka, naitupa kwenye kopo la mafunzo. Wanafunzi wangu huanza na kopo hilo, wakiwa na lenzi mkononi, kabla sijawapa kifaa cha kulehemu.