Gundi ya meno "inaua seli"? Tunayoyasikia kitini na yanayofanyika maabara

Mama mmoja wa Majengo alikuja kliniki tunakofanya kazi, karibu na Mwembe Tayari, akakataa kuzibwa jino kwa gundi ya meno, ile inayoshikisha kijazo jinoni. "Dada, nimesoma kwenye simu, hiyo gundi yenu inaua seli. Ning'oeni tu." Jino lilikuwa na tundu dogo. Liliniuma sana neno lile, maana alichosoma si uongo, ila kilikatwa nusu.

Dhana: Gundi ikiua seli maabara, itaua na jino.

Ukweli: Seli zinazotumika sana huitwa L929, asili yake ni panya. Hukuzwa ndani ya vishimo vidogo vya plastiki, kwenye joto la nyuzi 37. Gundi iliyokaushwa kwa taa hulowekwa katika maji ya lishe, mara nyingi saa 24, kisha maji hayo hupewa seli. Baadaye hutiwa MTT, kemikali ya manjano ambayo seli hai huigeuza zambarau, na mashine hupima ukolevu wa rangi. Kwa kanuni ya ISO 10993-5, ya shirika la kimataifa la viwango, uhai ukishuka chini ya asilimia 70 ya ule wa seli ambazo hazikuguswa, kitu hicho huhesabiwa kuwa na sumu kwa seli.

Lakini seli zile ziko uchi. Jinoni kuna dentini katikati, yaani tabaka gumu linalozunguka kiini, inayozuia sehemu ya kemikali, na kiini cha jino kina damu inayopita na kuziondoa zinazopenya. Ndiyo sababu ISO 7405, kanuni ya vifaa vya meno, ina kipimo kinachoweka kipande cha dentini kati ya gundi na seli. Matokeo mabaya kishimoni ni ishara ya kuchunguza zaidi. Hukumu bado.

Dhana: Ikishapita maabara, ni salama vyovyote itakavyotumiwa.

Hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Gundi nyingi zina monoma, yaani molekuli ndogo za kuunganishwa, kama HEMA na TEGDMA. Taa ya buluu huziunganisha zikawa ngumu. Zisizoungana ndizo huvuja na kudhuru seli. Hata kazi nzuri haiziungi zote. Sasa taa ikiwa chovu, au sekunde zikipunguzwa kwa sababu foleni ni ndefu, zinazobaki huongezeka. Na joto letu la Mombasa: chupa ikiachwa wazi, asetoni au alkoholi iliyomo hupaa, gundi ikawa nzito na isishike vizuri. Tundu likikaribia kiini, daktari hutanguliza dawa ya kukinga chini yake.

Dhana: Wa kuogopa ni mgonjwa.

Sisi tunaoishika kila siku tuko hatarini zaidi. HEMA hupenya glavu nyembamba na huleta mzio wa ngozi, vidole vikapasuka na kuwasha. HEMA hiyohiyo imo katika jeli nyingi za kucha, kwa hiyo dada zetu wa saluni za Kongowea nao wasiiguse kabla haijakauka.

Dhana: Kung'oa ni salama kuliko kuziba.

Hapana. Jino la utu uzima likitoka halioti tena.

Yule mama alirudi Alhamisi. Daktari alimweleza kila hatua, akamvalisha miwani ya rangi ya chungwa, akawasha taa. Mama akahesabu sekunde kwa vidole mpaka ishirini.